Afya ya Nyumbani: Ukuta wa Utumbo na Pande Zake Mbili



Mwalimu mmoja ametuletea swali ambalo twaona lafaa kujibiwa katika ukurasa huu, kwa kuwa hapana shaka wengine pia wamelifikiri. Asema ya kuwa aliwafundisha wanafunzi wake jinsi mwili unavyopigana na kila kijidudu cha maradhi kinachouingilia, ndipo kijana mmoja akasimama akamwuliza, "Ikiwa ndivyo, mwalimu, mbona tumboni mna vijidudu visivyo na idadi, wala hamna vita mchana na usiku?"

Swali hili ni la mtu mwenye kufikiri, na sehemu kubwa ya jibu lake imepatikana katika miaka ya karibuni. Kwa ufupi ni hivi: chembe zilizoufunika utumbo kwa ndani hutazama ni adui gani aliyekuja, na tena hutazama amekuja kwa upande gani. Adui yule yule akija kwa upande wa chakula hupokewa kwa utulivu. Akija kwa upande wa damu hupigiwa yowe. Basi na tuyaeleze mambo haya taratibu.

Kwanza hatuna budi kujua utumbo wenyewe ulivyo. Mama aliyepata kuosha matumbo ya mbuzi amekwisha kuona ya kuwa utumbo mwembamba ukipasuliwa, ndani yake si laini kama ngozi ya ngoma iliyowambwa, bali umejaa vijidole vidogo sana vilivyosongamana kama manyoya ya kitambaa cha mahameli. Utumbo wetu sisi ni vivyo hivyo. Urefu wa utumbo mwembamba wa mtu mzima ni kadiri ya mita 6, na kwa sababu ya mikunjo na vijidole hivyo, ngozi yote ya ndani ya matumbo, mwembamba na mpana pamoja, ikitandazwa yapata kadiri ya mita za mraba 30, yaani sakafu ya chumba chenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5.

Juu ya vijidole hivyo zimepangwa chembe hai, ambazo vitabu vya shule huziita seli, safu moja tu, ubavu kwa ubavu. Narudia kusema, safu moja tu. Upande mmoja wa safu hiyo kuna chakula, nyongo, uchafu, na vijidudu ambavyo hesabu yake katika mwili wa mtu mmoja yakadiriwa kuwa trilioni 38, karibu vyote vikikaa katika utumbo mpana. Upande wa pili kuna damu. Na kinachovitenga viwili hivi ni ukuta ambao unene wake haufiki hata sehemu ya ishirini ya milimita moja, nao hujengwa upya kila siku 3 hadi 5, maana chembe kuukuu huanguka na changa huchukua mahali pake. Mtu akilifikiri jambo hili hatastaajabu kwamba watu huugua tumbo; atastaajabu kwamba hatuugui kila siku.

Kila chembe katika safu hiyo ina pande mbili zisizofanana. Upande wa juu, unaoelekea chakula, una nywele fupi fupi mno kama za burashi, ambazo kazi yake ni kusaga na kupokea. Upande wa chini hukaa juu ya utando mwembamba, na chini ya utando huo ndipo ilipo mishipa ya damu na askari weupe wa mwili. Karibu na ukingo wa juu, chembe zimefungamana na jirani zake kwa mshipi mgumu uliozizunguka pande zote, hata maji yenyewe hayapiti ovyo. Mshipi huo ndio mpaka: yote yaliyo juu yake ni ya upande wa chakula, yaliyo chini yake, pamoja na mbavu za chembe, ni ya upande wa damu.

Sasa mfikirie mwenye nyumba katika mji wa pwani aketiye barazani kwake jioni. Mbele yake njiani wapita watu wa kila namna: wachuuzi, wageni, watoto, hata walevi na wezi. Je, hupiga yowe kwa kila apitaye? La, hasha. Angefanya hivyo mtaa mzima usingelala, na siku ambayo mwizi wa kweli amekuja hapana jirani ambaye angetoka. Lakini mtu asiyejulikana akionekana uani usiku wa manane, hapo mwenye nyumba haulizi jina lake wala ukoo wake. Chembe ya utumbo ni kama mwenye nyumba huyo. Upande wa chakula ni baraza yake, na upande wa damu ni ua wake.

Yowe la chembe si maneno yetu ya mfano tu; ni kitu chenyewe hasa, nacho kina jina. Mwaka 1957, katika mji wa London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua ya kuwa chembe za yai la kuku zilizoguswa na virusi vya mafua hutoa kitu ambacho huzikinga chembe nyingine zisishikwe na virusi. Wakakiita interferoni. Chembe iliyoingiliwa hukimwaga nje, na jirani zake wakikipata hujifunga tayari kabla adui hajawafikia. Hata mwaka 2003 ilijulikana namna nyingine ya interferoni, iitwayo lambda, na hiyo ndiyo chembe za utumbo huitumia zaidi. Twaweza kusema ya kuwa ni yowe la sauti ya chini, lenye kuwaamsha walio karibu bila kuita jeshi zima.

Ya kwamba pande mbili za chembe ni kama nchi mbili, wataalamu wa virusi walilijua zamani kidogo. Mwaka 1978 Enrique Rodriguez-Boulan na David Sabatini wa New York walizikuza chembe za figo ya mbwa mpaka zikafanya safu moja kama ile ya utumbo, kisha wakazitia virusi. Wakaona virusi vya mafua vikitokea upande wa juu peke yake, na virusi vingine, vile viwatiavyo ng'ombe na farasi malengelenge ya mdomo, vikitokea upande wa chini. Kila kimoja kilikuwa na mlango wake wa kutokea. Hayo yalikuwa mambo ya kutoka. Lililobaki ni kujua kama chembe yenyewe huutambua upande ambao virusi vimeingilia.

Jambo hili lilikuwa gumu kujaribiwa, kwa sababu chembe za utumbo wa mtu hazikukubali kukaa hai nje ya mwili siku nyingi. Mlango ulifunguka mwaka 2009 huko Uholanzi, Toshiro Sato na Hans Clevers walipopata njia ya kuikuza chembe-mama ya utumbo wa panya ndani ya ute mzito mpaka ikazaa utumbo mdogo wenye chembe za kila namna. Na baada yake njia hiyo ikatumika kwa chembe za watu. Vitumbo hivyo huitwa oganoidi, navyo havizidi ukubwa wa punje ya mchanga.

Basi katika mji wa Heidelberg, Ujerumani, Megan Stanifer na Steeve Boulant pamoja na wenzao walizitwaa chembe za utumbo wa mtu zilizokuzwa kwa njia hiyo, wakazitandaza juu ya kikombe kidogo ambacho chini yake hakina kitako kigumu, bali utando wenye vitundu vidogo sana. Kikombe hicho huwekwa ndani ya kingine chenye maji. Ukitia virusi katika kikombe cha juu, chembe huvipata kwa upande wa chakula. Ukivitia katika maji ya chini, huvipata kwa upande wa damu. Ni kifaa chepesi, nasi twakisifu, maana mara nyingi elimu husogezwa na kikombe kilichotengenezwa vizuri kuliko na hekima nyingi za midomo.

Virusi walivyovitumia ni vile viitwavyo vya reo. Jina hilo lilitolewa na Albert Sabin mwaka 1959, naye ndiye yule yule aliyetengeneza matone ya chanjo ya kupooza. Virusi vya reo huwapata watu wengi utotoni bila wao kujua, maana mara nyingi havileti ugonjwa wa kuonekana. Ndani yake mna maandishi ya urithi yaitwayo RNA, ya nyuzi mbili mbili, yaliyokatwa vipande 10. Mashauri yao yalipochapishwa mwaka 2020 yalisema hivi: chembe zilizoguswa na virusi kwa upande wa damu zilitoa interferoni nyingi zaidi kuliko zile zilizoguswa kwa upande wa chakula. Virusi ni vile vile, chembe ni zile zile, yowe likatofautiana.

Hapa msomaji mwangalifu atasema, "Labda virusi hupata mlango mpana zaidi huko chini, vikaingia vingi, na kwa hiyo yowe likazidi." Ni neno la haki, na jibu lake ndilo sehemu ya kupendeza katika kazi yao. Ndani ya chembe zetu mna walinzi mbalimbali, na mmoja wao aitwaye TLR3 kazi yake ni kuitambua RNA ya nyuzi mbili, kama ilivyojulikana mwaka 2001. Mlinzi huyu katika chembe ya utumbo hakuwekwa sawasawa pande zote. Amepelekwa zaidi upande wa damu. Na aliyempeleka huko ajulikana: ni protini iitwayo AP-1B, ambayo kazi yake ni kama ya karani wa posta apangaye barua, hii ya mashariki, hii ya magharibi. Wataalamu wale walipoiondoa AP-1B, mlinzi hakupangwa tena kama desturi, na chembe zikapiga yowe kubwa hata zilipoguswa kwa upande wa chakula. Panya wasio na AP-1B nao wakaonyesha jambo lilo hilo. Kumbe ule utulivu wa barazani haukuwa kutokujua wala kutokuwa na nguvu. Ulikuwa umepangwa.

Na mpango huo si wa adui wa virusi peke yake. Mwaka 2001 ilikwisha kuonekana ya kuwa mlinzi mwingine, TLR5, autambuaye mkia wa kuogelea wa bakteria, naye katika chembe za utumbo hukaa upande wa damu. Bakteria wakiogelea kwa amani katika utumbo hawamsumbui. Mikia yao ikionekana chini ya mshipi, hapo ajua ya kuwa ukuta umevunjwa.

Je, karani akikosekana mtu hupatwa na nini? Mwaka 2011 wataalamu wa Japani walieleza ya kuwa panya wasio na AP-1B hushikwa na uvimbe wa utumbo mpana usiokoma, na kwamba protini hiyo ilikuwa imepungua katika matumbo ya watu wenye ugonjwa wa Crohn. Ugonjwa huo ni mbaya. Utumbo huwaka moto miaka na miaka, mgonjwa hukonda na kuumwa, wala hapana mdudu mmoja ambaye mtu aweza kumwonyesha kidole na kusema, huyu ndiye. Hatusemi ya kuwa AP-1B ndiyo asili yake yote, maana ugonjwa huo una mizizi mingi. Lakini twaona wazi madhara ya nyumba ambayo yowe halikomi. Wale wasemao ya kuwa nguvu za mwili zikizidi ndivyo bora, na kuuza dawa za kuziongeza, hawajatazama utumbo.

Walakini si kila adui hubaki barazani. Juu ya utumbo, hapa na pale, pana mabaka ambayo Johann Conrad Peyer wa Uswisi aliyaeleza mwaka 1677, na juu ya mabaka hayo pana chembe za namna nyingine ziitwazo chembe M. Kazi yake ni kuchukua vitu kidogo kidogo kutoka upande wa chakula na kuwapelekea askari weupe walio chini, wavionje na kuvijua. Ni njia njema, lakini kila njia njema hutafutiwa hila. Mwaka 1981 ilionekana katika utumbo wa panya ya kuwa virusi vya reo hupita katika chembe M mpaka chini ya ukuta. Huko hugeuka na kuzishika chembe za ukuta kwa nyuma. Sasa yaeleweka kwa nini mlinzi amewekwa kule: virusi vionekanavyo upande wa damu vimekwisha kupenya.

Tena wako maadui wasiohitaji kupenya, nao ndio wanaowahusu zaidi wazazi. Mwaka 1973, huko Melbourne, Ruth Bishop na wenzake walitazama kwa darubini ya elektroni vipande vya utumbo vya watoto waliokuwa wakiharisha, wakaviona virusi ambavyo baadaye viliitwa vya rota, kwa kuwa umbo lake ni kama gurudumu. Virusi hivi huzishika chembe zilizokomaa kwenye ncha za vile vijidole, vikiingia kwa upande wa chakula. Na mwaka 1997 ilionyeshwa katika chembe zilizokuzwa ya kuwa hutokea tena kwa upande ule ule wa chakula. Kwa hiyo hujaa katika choo cha mtoto, na kutoka hapo hufika mikononi mwa mlezi, katika vyombo, na vinywani mwa watoto wengine. Tena vina protini ambayo huziba kinywa cha chembe isitoe interferoni. Hiyo ndiyo bei ya utulivu wa barazani: awezaye kufanya uharibifu wake bila kuingia uani hupata nafasi. Mwaka 2016 peke yake yakadiriwa ya kuwa virusi vya rota viliwaua watoto zaidi ya 100,000 wa chini ya miaka mitano katika dunia yote, na wengi wao walikuwa Waafrika.

Wengi hufikiri ya kuwa mtoto wa namna hii huuawa na virusi vyenyewe. Hufa kwa kukaukiwa maji. Na hapa pia pande mbili za chembe zina kazi. Mwaka 1960 Robert Crane alieleza ya kuwa katika upande wa chakula pana mlango ambao sukari na chumvi hupita pamoja, hiki kikimvuta mwenziwe. Na upande wa damu pana pampu isukumayo chumvi nje ya chembe kuelekea damu. Chumvi ikienda, maji huifuata. Virusi vya rota huharibu chembe nyingi lakini haviharibu zote, na zilizosalia zatosha kufanya kazi hiyo zikipewa sukari na chumvi kwa kadiri. Ndiyo sababu maji matupu hayamfai sana mtoto aharishaye. Paketi za dawa ya kuongeza maji mwilini zapatikana zahanati. Zikikosekana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufutwa usawa, wala usizidishe chumvi. Mpe mtoto kidogo kidogo mara kwa mara, na maziwa ya mama yasikomeshwe. Zahanati pia hutoa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Macho yakididimia, au mtoto akiwa hawezi kunywa, au damu ikionekana katika choo, asikawizwe nyumbani hata saa moja.

Limebaki neno moja ambalo akina mama hutuuliza, nalo lajibika kwa mambo haya haya. Kwa nini chanjo nyingine hutiwa kwa sindano na nyingine kwa matone ya mdomoni? Sindano huwafundisha askari walio upande wa damu. Huwalinda vizuri wenye kukaa uani, lakini kinga yake hufika kidogo tu barazani. Mtoto aliyechomwa sindano ya kupooza hulindwa asipooze, ila virusi vyaweza bado kukua katika utumbo wake na kutoka katika choo. Matone hupita njia ile ile ya adui, yakaufundisha utumbo wenyewe, nao hutoa kinga yake kwa upande wa chakula. Kwa hiyo nchi nyingi za Afrika huwapa watoto zote mbili. Na chanjo ya rota, kwa kuwa adui wake ni wa barazani, yote hutolewa kwa mdomo: Rwanda ilianza mwaka 2012, Tanzania 2013, Kenya 2014, na mtoto huanza kuipata akiwa na umri wa wiki 6.